Barabara Hupita Penye Hadhi Ndogo

Kipaza sauti kilizunguka mji mzima kikitangaza kwamba Barabara Kuu itapanuliwa, na kwamba wananchi wamelipokea jambo hilo kwa shangwe. Mwananchi ambaye bado hajashangilia aliombwa afike ofisini na kitambulisho, asaidiwe.

Tangazo hilo lilitungwa na Mkurugenzi wa Upanuzi mwenyewe. Alilisikiliza dirishani, mikono nyuma, akajisikia mtu wa maana sana.

Kwenye ramani ya kwanza barabara ilinyooka. Kosa la mchoraji lilikuwa moja tu: alikuwa mgeni, akachora bila kuuliza nani anakaa wapi. Mstari ukapita katikati ya hoteli ya mtu ambaye, jamani, hapitiwi katikati. Ukasogezwa kushoto. Kushoto palikuwa na bustani ya jenerali aliyestaafu vita bila kustaafu hasira. Ukarudishwa kulia, ukakuta kituo cha mafuta cha shemeji wa mtu fulani, na mtu fulani huyo hatajwi hata hapa. Mwishowe ramani ikawa na mikunjo mingi kuliko shati la mlevi. Madereva wakasema barabara imelewa. Mkurugenzi akawasahihisha: hiyo ni mikunjo ya kimkakati.

Hata hivyo, maneno ya mitaani yalimuudhi, maana yeye alichukia upendeleo. Akaunda Kamati ya Kupima Hadhi. Kanuni yake ilikuwa haki tupu: majengo mawili yakitazamana barabarani, yote yatapimwa hadhi, na penye hadhi ndogo ndipo patakapobomolewa. Mwanzoni ilipimwa hadhi ya mwenye nyumba. Lo! Haikupita wiki, kila kibanda kikawa mali ya binamu wa balozi.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kuchezewa shere. Akatoa waraka mpya: hadhi itakayohesabika ni ya mtu aliyemo ndani, yeye mwenyewe na miguu yake, wakati tingatinga linapofika. Kipimo kikishasomwa hakirudiwi wala hakikatiwi rufaa.

"Na kama anayelalamika ni mkubwa?" aliuliza Katibu wa Kamati.

"Sheria ni msumeno," akasema Mkurugenzi. "Unakata mbele, unakata nyuma. Andika hivyo hivyo."

Katibu akaandika. Alikuwa mama mwembamba asiyecheka kazini wala nyumbani, na alichokiandika alikitekeleza.

Waraka ule ulikuza ajira kuliko barabara yenyewe. Muuza nyama alimkodi jaji mstaafu, akamketisha kando ya gogo la kukatia nyama, akimfukuzia nzi kwa heshima zote. Fundi viatu alimpata mkuu wa chuo wa zamani kwa bei nafuu, lakini mzee wa watu akasinzia tingatinga likifika, na Katibu akaamua kwamba anayesinzia huhesabiwa nusu. Kibanda kikaenda na maji.

Sasa, Mkurugenzi alikuwa na dada yake, tumbo moja, fundi cherehani. Duka lake lilikuwa chumba kimoja pembeni mwa barabara: cherehani ya miguu, pasi ya mkaa, kiti cha wateja, na pazia la kujaribia nguo. Ukutani palichorwa alama nyekundu ya X, kubwa hata ikapanda mpaka kwenye bati. Ng'ambo, mlango kwa mlango, ilisimama ghorofa mpya ya Mkurugenzi, na nguzo nne za mbele ambazo hazikushikilia kitu ila sifa.

Dada akaenda ofisini. Mhudumu wa mapokezi akamuuliza kama ana miadi.

"Mwambie nimemfundisha kupenga kamasi," akasema dada, akapita.

Mkurugenzi alisimama haraka, akatafuta pa kuweka mikono. "Dada, karibu. Mradi unaendelea vizuri."

"Naona. Umefika ukutani kwangu." Akaketi bila kukaribishwa. "Sikuombi unifutie alama. Siku hiyo ya uzinduzi njoo ukae dukani kwangu, basi. Kaa tu kwenye kiti, hata usifungue mdomo. Chai nitakupa."

"Huo utakuwa mgongano wa maslahi."

"Mgongano gani tena? Mimi si ndugu yako?"

"Ndiyo huo sasa, dada."

"We mtoto we! Nilikata mapazia ya mama nikakushonea kaptula za shule, nikachapwa mimi, wewe ukaenda kusoma. Nikibomolewa nitakula wapi? Cherehani nitaibeba kichwani?"

Mkurugenzi aliona haya, haki ya Mungu aliona haya. Mapazia yale aliyakumbuka, na fimbo alizisikia akiwa uvunguni mwa kitanda. Lakini duka likibaki, mstari utahamia ng'ambo, na ng'ambo ndiko kwake. Basi akajificha ndani ya lugha ya ofisi. "Serikali inautambua mchango wako katika sekta ya kaptula," akasema. "Lakini sheria ni msumeno."

Dada akainuka. "Msumeno hauna macho, mdogo wangu," akasema, akaondoka bila kuaga. Chakula cha mchana siku hiyo kilimshinda Mkurugenzi, akala nusu.

Siku ya uzinduzi mahema yalifungwa, bendi ikaletwa, na Waziri akawasili kabanwa na suti ya enzi alipokuwa mwembamba. Ratiba ilisema Waziri atapanda juu ya tingatinga, apigwe picha, kisha ukuta wa duka la fundi cherehani uangushwe kama ishara ya maendeleo. Mke wa Mkurugenzi alipangwa kushinda ndani ya ghorofa ili isikutwe tupu. Akakataa katakata.

"Nikae ndani kama mlinzi, wenzangu wako kwenye picha? Thubutu!" Akaenda kuketi karibu na mke wa Waziri.

Mkurugenzi hakushtuka. Akasema moyoni: tingatinga likiwashwa, nitavuka barabara, nisimame sebuleni kwangu, mambo kwisha. Fundi cherehani atanizidi nini mimi?

Dada yeye alikuwa ndani ya duka lake, kaketi kwenye cherehani yake, machozi yanamtoka na anashona. Alisema kama ni kubomolewa, wamkute kazini.

Waziri akaweka mguu kwenye ngazi ya tingatinga. Akanyanyua wa pili. Suruali ikasema praaa, kuanzia nyuma mpaka pasiposemekana.

Bendi ikanyamaza. Wapiga picha wakasogea. Mkurugenzi, mtumishi mwaminifu, alivua koti lake haraka, akamkinga Waziri kwa nyuma, wakaenda wote kwa hatua fupi fupi, mbele Waziri, nyuma koti, moja kwa moja hadi kwenye mlango wa karibu wenye sindano na uzi.

"Simama hapo nje," Waziri akafoka akijitosa nyuma ya pazia. "Asiingie mtu! Ukitoka mlangoni, kazi huna!"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa."

Ndani dada alipokea suruali kupitia pembeni mwa pazia, akaitazama, akaguna. Nje, Katibu akaitazama saa yake. Ilikuwa saa ya ratiba. Akalipungia mkono tingatinga, likawashwa, likafika.

"Kipimo!" akatangaza Katibu. "Upande huu, aliyemo ndani ni Waziri, hadhi kamili. Upande ule..." Akavuka, akagonga, akachungulia madirisha yote, akarudi. "Hamna mtu."

"Mimi nipo!" akapiga kelele Mkurugenzi.

"Uko nje, Mkurugenzi. Waraka unasema ndani."

"Basi ngoja nivuke niingie kwangu!" Akainua mguu.

"Nani anaondoka mlangoni?" ikanguruma sauti nyuma ya pazia. Mguu ukarudi chini.

"Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi, jasho linamtiririka, "naomba kwa unyenyekevu tuahirishe zoezi."

"Tuahirishe? Watu wamekaa juani tangu asubuhi! Endeleeni na ratiba, msinisubiri mimi."

Katibu akamwonyesha dereva wa tingatinga upande wa pili. Dereva akamtazama Mkurugenzi kwa huruma, akageuza. Nguzo nne zikaanguka kwanza, kwa sababu hazikuwa na kazi ya kuzichelewesha. Mke wa Mkurugenzi akapiga ukunga. Bendi ikadhani ni vigelegele, ikapiga kwa nguvu zote, na wananchi wakashangilia mpaka mahema yakatikisika. Safari hii hakuna aliyehitaji kusaidiwa ofisini.

Waziri akatoka suruali imeshonwa, akakuta vumbi. "Ile ilikuwa nyumba ya nani?"

"Yangu, Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi kwa sauti ya kuazima.

Waziri akamkumbatia mbele ya kamera. "Huyu ndiye kiongozi! Ameanza na kwake!" Akapanda gari, akaenda zake na mpasuko wake salama.

Watu walipotawanyika, mke wa Mkurugenzi alikuwa ameshaondoka kwenda kwao, hasira hazijampoa. Mkurugenzi akabaki mlangoni pale pale alipoamriwa kusimama, mkononi hana kitu ila lile koti. Alitaka kulia, na asingeweza kusingizia vumbi, maana lilikuwa limeshatulia. Dada akatoka, akatazama kifusi cha ng'ambo, akamtazama yeye. Alikuwa amelitunza neno moja la kumwambia tangu siku ile ya ofisini. Lakini alipomwona midomo inamcheza kama zamani akiwa uvunguni, neno likamshinda.

"Pita ndani," akasema. "Kiti ni kile kile nilichokuambia uje ukae."

Mkurugenzi akaketi. Dada akammiminia chai.

"Dada," akasema, "msumeno..."

"Kunywa chai. Na sogeza mguu, unakanyaga kitambaa cha mteja."