Kigae cha Kijani Kando ya Kizingiti

Jumatatu, 6 Mei
Nimechoka kusugua mapipa. Kichwa kama hiki hakikuumbwa kukaa ndani ya pipa. Leo Mama Meneja katangaza: Alhamisi anakuja Profesa wa majengo kuchunguza uvumi kwamba kiwanda chetu cha mvinyo kilichorwa na yule msanifu maarufu aliyechukia pembe. Kweli, kuta zimepinda, madirisha ni duara, paa limelala kama kofia ya mlevi. Ikithibitika, wageni watamiminika na atahitajika mtembeza wageni wa pili. Nani mwingine? Binamu, mtoto wa shangazi, ndiye wa kwanza. Kasema wageni wangu watapotea hata njia ya chooni. Wivu. Tangu apewe shati la kola hasalimii watu.

Jumanne, 7 Mei
Udadisi uliniwasha. Nimezunguka jengo, mikono nyuma, nikilaza shavu ukutani kufuata mpindo. Kwa nini mtu achukie pembe? Labda alijigonga kidole cha mguu. Namwelewa.
Kisha, kando ya kizingiti, aibu: kigae kimoja cha kijani, kimekaa mshazari katikati ya vyekundu. Fundi gani huyu? Nimeking'oa kwa patasi, nikaziba kwa saruji. Kigae kipo chini ya mguu wa kitanda changu kinachoyumba. Shangazi kauliza mbona kitanda hakilii leo. Nikamwambia ni mambo ya usanifu.

Alhamisi, 9 Mei
Profesa ni mama mfupi mwenye tochi. Alipapasa kuta kama anayempima mtoto homa. Akasema kupinda kila mtu anaweza. Msanifu yule alikuwa na alama yake, kigae kimoja cha kijani, mshazari, kando ya kizingiti. Akainama. Akaona saruji mbichi. Akauliza ni kazi ya nani. Binamu akanitazama. Mimi nikatazama paa. Paa zuri sana lile.
Kesho atapita mara ya mwisho. Bila kigae hana la kuandika. Mama Meneja akakaa kwenye ngazi, akasema polepole kwamba bila wageni kiwanda hakifiki mwakani.
Shangazi, nilipomweleza, Binamu akisikia, kasema nirudishe nilichotoa na nisiongeze chumvi, kiherehere kitaniponza.

Ijumaa, 10 Mei
Nimekirudisha alfajiri. Mtu wa kawaida angeishia hapo. Lakini kama kimoja ni ushahidi, safu nzima je? Rangi ya geti ilikuwepo, brashi ilikuwepo.
Profesa kaja, kakanyaga, kaondoka na soli ya kijani. Akatoa leso, akafuta kigae kimoja kimoja. Vyote vikawa vyekundu, isipokuwa kimoja. Akakigusa, akasema ndicho. Akauliza kilikuwa wapi. Binamu akamjibu kwamba kilikuwa kinashikilia kitanda cha mpuuzi. Profesa kacheka mpaka kaegemea ukuta wa msanifu.
Mama Meneja kalia kwa furaha. Binamu kapandishwa cheo. Mimi nimepewa tambara la kufutia rangi, kisha nirudi kwenye mapipa.

Jumamosi, 11 Mei
Ndani ya pipa. Hapa mtu anafikiri vizuri. Nimepapasa kote, juu mpaka chini, na leo ndiyo nimegundua: pipa halina pembe hata moja.
Rangi ya geti imebaki nusu kopo.