Nilivyorusha Mubashara Ufunguzi wa Mwamba wa Pweza

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mubashara, na simu nilikuwa nimeishika mwenyewe.

Nawaandikia nikiwa chumbani, mlango nimeutia komeo. Nje wanacheka. Naandika kabla hamjasimuliwa na mtu mwingine, maana video nimeifuta lakini najua mmeshaihifadhi. (Nawajua nyinyi.)

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni Rajabu, fundi simu, naishi na mama yangu kijijini, hapa Mafia. Ukurasa wangu unaitwa Kisiwa Kweupe na kazi yake ni kufichua yanayofichwa. Nilianza na bomba la maji lililojengwa likaachwa bila kufunguliwa. Nikalipiga picha kila siku mpaka wakalifungua. Tangu hapo nikajiona mtu mzito. Nikaanzisha na kundi la wanaharakati wenzangu, tunadai serikali iwe ya uwazi. Kundi lenyewe ni la siri na kila mwanachama ana jina la bandia. (Mimi ni Kamanda. Mama hajui.)

Sasa, huku kwetu tuna mwamba wa pweza. Kamati ya kijiji huufunga kwa miezi kadhaa, hakuna kuwachokoa pweza mashimoni mwao kwa vijiti, ili wakue. Kisha unafunguliwa siku moja na kijiji kizima kinaingia, wanawake mbele. Mwaka jana siku ya ufunguzi ilivuja. Wakaja watu wa mbali na boti za mashine, wakasomba. Mama alirudi na pweza mmoja tu, mdogo wa kutia huruma. Alimpika, akanipakulia mimi, yeye akala wali na mchuzi. Hakulalamika, lakini nilimwona.

Mwaka huu uenyekiti wa kamati akapewa Bi Tatu, shoga yake mama tangu utotoni. Mambo yakabadilika. Vikao vikawa vinafanyika ofisi ya kijiji, madirisha yamefungwa, joto lote hili. Mlangoni kukawekwa kikapu, na kila anayeingia anatia simu yake humo. Nikasikia pia kwamba wanaapishwa. Nikamfuata mtendaji wa kijiji, nikamuuliza vikao vinahusu nini.

"Taarifa hiyo haitolewi kwa sasa," akasema.

"Kwa sababu gani?"

"Sababu nayo haitolewi."

Damu ikanichemka. Simu kikapuni, madirisha, kiapo. Nikaamua kwamba mwamba umeuzwa kwa mwekezaji. Ushahidi sikuwa nao, ila hasira nilikuwa nayo, na mimi nikiwa na hasira naandika vizuri. Nikaandika habari ndefu kuhusu chama cha siri kinachotawala mwamba wetu. Ikasambaa mpaka Dar.

Huko Dar ikamfikia dada mmoja anaitwa Neema. Anafanya kazi kwenye taasisi ndogo inayofundisha wanaharakati wa mitandaoni. Akanipigia simu, akasema wanatafuta mtu mmoja kutoka visiwani wampe mafunzo na kamera ya kweli, na kwamba angekuja aone ninavyofanya kazi. Jamani, sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka nafasi ile. Simu yangu ina ufa kuanzia pembe hadi pembe, na kona moja ya kioo haisikii kidole. (Ndiyo, fundi simu. Mganga hajigangi.)

Nikahitaji habari kubwa ya kumwonyesha. Kikao kilichofuata nikaenda kujibanza nyuma ya ofisi, kwenye mpapai ulio chini ya dirisha. Bi Tatu kwa kawaida anaongea polepole, hadi umsogelee ndiyo umsikie. Siku ile sauti yake ilikuwa ya mtu anayenadi samaki mnadani.

"Basi tumekubaliana! Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo, asubuhi. Asijue mtu!"

Na mama yangu, ambaye sikujua hata kama ni mjumbe, akaitikia kwa sauti ileile: "Asijue mtu kabisa!"

Kisha nikasikia kama mtu anabanwa na kikohozi, kisha wa pili, wa tatu. Nikadhani ni mafua, maana msimu wake ndio huu.

Jioni ileile nikatangaza siku ya ufunguzi. Nikaandika: wao wanaficha, sisi tunafichua. Komenti ya kwanza ilitoka kwa mvuvi mmoja wa kisiwa jirani cha Bwejuu. Akauliza, "Jumamosi ile? Una hakika? Hebu tazama mwezi." Nikamjibu kuwa wananchi wameamka. Akaandika tena, "Tazama mwezi, bwana." Nikamfungia asiandike tena. Nilimwona kibaraka.

Siku hizohizo mama akaniambia shangazi yangu wa Kilindoni anaumwa mguu, hawezi kukanyaga, niende nikamtazame. Nikaenda. Shangazi alinifungulia mlango mwenyewe, akanitangulia jikoni kwa mwendo ambao mimi nilikuwa nauwahi kwa shida. Nikamuuliza habari za mguu. Akasema umepoa. Basi nikataka kurudi, akasema antena imelegea. Nikaikaza, akasema redio imekufa. Kila nikiaga, kitu kingine kinaharibika. Niliporudi nyumbani siku ya pili yake nilikuta nyumba nzima inanukia pweza. Mama akasema ni ngisi. Nikala ngisi. (Minyiri yake, ile mikono mirefu, ilikuwa minene mno kuwa ya ngisi, nakiri. Lakini nilikuwa najibu komenti.)

Basi ndiyo leo, Jumamosi.

Dada Neema alifika jana kwa ndege, akalala kwa jirani yetu. Asubuhi nikamchukua tukashuka pwani. Alikuwa na miwani ya jua na hamu ya kweli ya kuona. Nikawasha simu, nikaanza kurusha. Watazamaji wakaja wengi kuliko siku zote, hata wale wa kundi letu la siri, kwa majina yao ya bandia.

"Ndugu wananchi," nikasema, "hapa ndipo siri inapokufa. Muda wowote kuanzia sasa mtaona kamati ikifungua mwamba, na mtaona nani anafaidika."

Nikazungusha simu. Pwani ilikuwa tupu. Hakuna kamati, hakuna mwekezaji, hakuna hata mwanamke mmoja mwenye mchokoo na ndoo. Nikasema wanakuja.

Tukakaa. Jua likapanda. Maji yakarudi nyuma kidogo, yakasimama.

"Kaka Rajabu," Neema akaniuliza, "mwamba wenyewe uko wapi?"

"Pale," nikanyoosha mkono.

"Pale naona maji."

"Uko chini yake."

Komenti zikaanza kumiminika. Mmoja akaandika, "Huo mwamba umealikwa, au unangoja kadi?" Nikajifanya sijasoma. Neema alisoma kwa sauti, maskini, akidhani ni swali.

Mara akapita Bi Tatu, jembe begani, anakwenda shambani kwake kwenye mihogo. Nikamgeuzia kamera. Nilijua nimempata.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, Rajabu. Leo unavua kwa simu?"

"Tunasubiri ufunguzi wa mwamba. Watu wanataka majibu."

Akaitazama bahari. Akamtazama Neema. Kisha akanitazama mimi, tena kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoanza kunitia wasiwasi.

"Mwanangu, leo mwezi ni wa ngapi?"

"Sijui," nikasema. (Mubashara. Mbele ya watu wote.)

"Haya. Mgeni, karibu sana kwetu. Nendeni nyumbani mkale, jua hili kali."

Akaondoka. Hakucheka mbele yetu, lazima nimpe haki yake. Alikwenda hatua zake, na jembe lilikuwa linatikisika begani.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Kwa wasio wa pwani, nieleze. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, huja bamvua: maji yanatoka mbali kabisa na mwamba unabaki wazi, unatembea juu yake kwa miguu. Katikati ya hapo ni maji mafu. Bahari inakwenda kidogo na kurudi kidogo, kwa uvivu, na mwamba hautokezi hata ncha. Tangu dunia iumbwe hakuna aliyefungua mwamba wa kuchokoa kwa miguu siku ya maji mafu. Watoto wa darasa la pili wanalijua hilo. Mimi nimezaliwa hapa, nimekulia mgongoni mwa mwanamke anayechokoa pweza, na nimeita kisiwa kizima kuja kutazama maji mafu.

Nikamwambia Neema kwamba kamati imeahirisha kwa kuogopa ukurasa wangu. (Ndiyo, nilisema hivyo. Mnayo video.) Kisha nikabonyeza kuzima, tukapanda nyumbani.

Mama alikuwa ametandika mkeka. Simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, nikanawa mikono. Akaleta wali na pweza wa nazi, sahani imejaa hadi inamwagika. Neema akala kimya kwanza, kama mtu mwenye adabu, kisha adabu ikamshinda akaongeza.

"Mama, huyu pweza ni mtamu sana," akasema. "Mmempata wapi? Si mwamba bado umefungwa?"

Mama yangu ukimsifia chakula chake husahau yote.

"Tulishaufungua, mwanangu. Bamvua iliyopita. Huyu nilimhifadhi kwenye friji ya Bi Tatu, Rajabu asimwone."

Nikalirudisha tonge sahanini.

"Mama. Yule ngisi?"

"Ngisi gani?"

"Wa siku niliyotoka Kilindoni."

"Aa. Yule alikuwa pweza."

"Na shangazi?"

"Mzima wa afya. Anakusalimu."

Nikamuuliza nani walijua siku ya ufunguzi. Akasema watu. Nikamuuliza watu gani. Akafikiri kidogo, nadhani alikuwa anatafuta jina la kuliacha nje, akalikosa.

"Wote," akasema.

"Hata imamu?"

"Ndiye aliyetusomea dua."

"Hata mtendaji?"

"Alitubebea ndoo."

Kwa hiyo chama cha siri kilikuwepo. Hilo niliandika kweli, naomba likumbukwe. Nilichokosea ni idadi ya wanachama. Kilikuwa ni kijiji kizima, kasoro mimi.

"Sasa mbona mlitaja Jumamosi pale ofisini?"

"Tulikuona kwenye upenyo wa dirisha unavyonyata nyuma ya mpapai, mtu mzima na ndevu zako. Bi Tatu akataka kukutania tu. Tukajua utahesabu siku za mwezi, utacheka, utakuja mezani useme jamani mmenipata, yaishe." Akaacha kula. "Ulipotangaza kweli, Rajabu, mimi nililia. Nikasema mwanangu hajui tena hata maji."

Nikainamia sahani yangu. Niliona aibu ambayo haihusiani na nyinyi wala na ukurasa wangu.

"Mwaka jana nilirudi na pweza mmoja," mama akaendelea, sasa taratibu. "Mwaka huu nilitaka ndoo yangu ijae. Imejaa. Usinikasirikie."

Nikasema sikukasirika. Na kweli sikukasirika. Nikanyoosha mkono nichukue simu, nijifanye naangalia saa, nifute macho kwa siri.

Simu ilikuwa ya moto. Kwenye kioo komenti zilikuwa zinapanda kwa kasi nisiyowahi kuiona tangu nianze kazi hii. Kitufe cha kuzima kiko kwenye ile kona isiyosikia kidole. Chakula chote, pweza wote, shangazi, mpapai, machozi ya mama, vyote vilikuwa vimerushwa. Yule mvuvi wa Bwejuu nilishamfungia, lakini mkewe sikumfungia. Aliandika: "Mume wangu anasema, umeshautazama mwezi?"

Nikaichomoa betri. (Ni simu ya zamani, inachomoka. Ndiyo faida yake pekee.)

Neema alikuwa amekwisha nawa. Nikajikaza kiume, nikamuuliza ile nafasi ya mafunzo ikoje. Alikuwa anamtazama mama.

"Mama, kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyesema?"

"Hakuna."

"Hata watoto?"

"Watoto ndio tulioanza kuwaapisha."

"Sisi watu wetu tunawafundisha kutunza siri mwaka mzima," Neema akasema. "Wanachama wasitajane, wasivujishe mipango, wasikamatwe ovyo. Wakitoka pale darasani wanatangaza kila kitu. Mama, unaweza kuja Dar ukazungumze nao?"

Mama akatengeneza kanga yake.

"Simu zao watatia kikapuni?"

"Watatia."

"Basi nitakuja na Bi Tatu. Ila isiwe siku za bamvua."

Wakapeana mikono pale mkekani, mbele yangu mimi, mwanaharakati. Nikakohoa. Nikasema, "Na mimi je?"

Neema akafikiri. Ni mtu mwema, alitaka kunipa chochote. "Wewe utawasindikiza," akasema, "kama mama atakuambia siku ya safari."

Mama akanitazama. Akaitazama na simu yangu, na betri pembeni yake.

"Tutaona," akasema, wakaangua kicheko wote wawili, na Bi Tatu naye akaingia mlangoni na jembe lake akacheka bila hata kuuliza kuna nini. Ndipo nikaja huku chumbani.

Naombeni msinicheke. Na kama kuna yeyote humu aliyesikia safari yao ni lini, aniambie faraghani. Wallahi simwambii mtu.