Sahani ya Angani na Fahali wa Mahari

"Mzungu mzima ametoka Nairobi! Anakuja Malaba kuuliza juu ya ile kitu!"

Mbarak alitangaza hayo mguu mmoja ukiwa bado ndani ya lori lake la chumvi. Sisi humwita Redio, ila redio ya kawaida ina kitufe cha kuizima.

"Kitu gani?" akauliza Mutwalibu, mwuza kahawa, ingawa yeye ndiye aliyekuwa ameisimulia kuliko wote.

"Ile sahani ya Jumanne! Imetajwa kwa taarifa ya habari ya saa saba. Huko Nairobi wana chama chao cha kufuatilia vitu vinavyoruka. Huyu mmoja anazunguka na gari, anatafuta walioona, anapima, anapiga picha. Nimemwacha pale Amagoro anakula sambusa. Saa hii yuko njiani."

Kituo chetu cha kahawa kinatazamana na stesheni ya reli. Benchi letu ni taruma kuukuu, lile gogo la kulazia reli, lililowekwa juu ya mawe mawili, na ukilikalia sana linakuachia lami kwenye suruali. Mutwalibu alilifuta kwa kitambaa, jambo ambalo hatukuwahi kuliona tangu Uhuru.

"Atukute tumejipanga," akasema. "Mimi nilikuwa hapa hapa, birika mkononi. Jua linazama. Ikatokea upande wa Tororo, inang'aa, haina sauti, kubwa kama uwanja wa mpira."

"Juzi ulisema kama karai," nikamkumbusha.

"Juzi hakukuwa na Mzungu."

"Na ikavuka mpaka bila kuulizwa inakwenda wapi," akasema Mbarak. "Mimi nikivuka na gunia moja la chumvi naulizwa mpaka jina la nyanya yangu. Na wewe Padri, utasema nini?"

Padri ni mimi. Jina hilo walinipa wao, si kanisa.

"Nitasema sikuona. Nilikuwa nasali Malaika wa Bwana, sala ya jioni. Nilikuwa nimefumba macho."

"Subhanallah!" Mutwalibu akapiga paja. "Mbingu zinafunguka, na mtu wa sala amefumba macho!"

"Huyu siku ya mwisho itampita akiwa amepiga magoti," akasema Mbarak. "Haidhuru. Shahidi wetu mkubwa ni Bwana Arusi."

Tukamgeukia Ekwaro, aliyekuwa amejikunja mwisho wa benchi. Tulimwita Bwana Arusi kwa sababu Jumamosi ile alikuwa amwoe Amoding, binti wa mzee Osukuku wa Moding, na kwa miezi mitatu hakuwa na hadithi nyingine, mpaka ilipokuja sahani.

"Mimi sikuona kitu," akasema Ekwaro.

Birika la Mutwalibu likasimama hewani.

"Ekwaro! Tangu Jumanne umekunywa kahawa yangu ya bure kwa sababu ya hiyo kitu! Ulisema ilisimama juu ya kichwa chako ukaona mpaka misumari yake!"

"Nilikuwa natania."

"Anaogopa maswali tu," akasema Mbarak. Akachukua kofia yangu, akaivaa upande, akaongea kwa pua. "Tujaribu. Mimi ni Mzungu. Bwana Ekwaro, wewe kusimama wapi siku ile?"

"Hapo ndipo shida."

"Wapi?"

"Kivukoni. Kule chini kwa mawe."

"Wewe kufanya nini kivukoni jioni?"

Ekwaro alitazama stesheni, akatazama barabara, akatazama vidole vyake vya miguu.

"Nilikuwa na mtu."

"Mtu gani?"

"Ana pembe."

Mbarak alivua kofia, akanirudishia.

Mwezi ule kulikuwa na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Ng'ombe yeyote akikamatwa akivuka Mto Malaba, anachukuliwa, na mwenyewe analala ndani. Lakini mahari ya Ekwaro ilikuwa imepungua fahali mmoja, na mzee Osukuku alikuwa amesema wazi kwamba bila huyo fahali Amoding hatoki nyumbani. Mjomba wa Ekwaro kule Tororo, ng'ambo ya mpaka, akajitolea fahali mwekundu. Basi Jumanne ile, wakati Malaba nzima inatazama juu, Ekwaro alipitisha ng'ombe chini.

"Banange!" akanong'ona Mutwalibu. "Sasa yuko wapi?"

"Moding, zizini kwa mkwe, tangu usiku ule. Wakijua, wanamchukua, na mimi wananichukua. Jumamosi kanisani atasimama Amoding peke yake."

"Basi nenda nyumbani, ulale, uwe mgonjwa," Mutwalibu akamshauri.

Ekwaro aliinuka. Alikuwa amepiga hatua moja tu, mzee Osukuku mwenyewe akatokea akisukuma baiskeli, amefunga sukari ya arusi nyuma. Kwa Wateso mtu hampi mkwe wake mgongo. Ekwaro akarudi, akampisha benchini, akachutama pembeni macho chini, kama mtoto wa shule aliyevunja dirisha. Mzee akapokea kikombe cha kahawa, akaanza kukipuliza.

Na kabla hajanywa, gari likafika na vumbi lake lote. Akashuka kijana wa Kizungu mwenye ndevu nyekundu na kamera kifuani. Mlango wa pili ukafunguka, akashuka Callistus, askari wa mifugo, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate.

Ekwaro alishika taruma.

"Hamjambo mabwana," akasema Mzungu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu. "Nakusanya habari za walioona kitu angani. Huyu bwana amenieleza jambo la ajabu sana, nami natafuta wa kulithibitisha. Tafadhali, bwana Callistus, rudia."

Callistus hakuhitaji kuombwa mara mbili.

"Mimi nilikuwa kazini kivukoni. Naona fahali mwekundu anatoka mtoni, mtu mbele yake amemshika kamba. Nikapiga filimbi!"

"Hakuna filim..." Ekwaro akaanza. Mbarak akamkanyaga.

"Mara ile kitu ikasimama juu yetu. Taa! Mchana ukarudi! Ikashusha mwanga kama kamba, ikamfunga fahali hapa tumboni, ikamwinua polepole. Miguu inaning'inia hivi, mkia hivi. Akapaa, akapotelea ndani."

"Na wewe ulifanya nini?" akauliza Mutwalibu.

"Nilibaki imara kazini."

"Imara? Si ulipita hapa mbele yangu mbio, kofia imebaki nyuma?"

"Nilikuwa napeleka ripoti."

"Kwa nani? Ulikuwa unaelekea Bungoma!"

Mzungu aliinua mkono. "Lakini kuna ushahidi?"

"Nyayo, bwana. Nilirudi asubuhi nikaziona. Zinatoka mtoni, zinafika penye mwamba mkubwa, kwisha. Ng'ombe hana mabawa. Mkubwa wangu aliponiuliza fahali yuko wapi, nilimwonyesha juu."

"Lakini mwamba haushiki nya..." Mbarak akasema, na safari hii Ekwaro ndiye aliyekanyaga.

Mzungu alikuwa amekwisha kutandaza ramani juu ya boneti. "Nikimpata yule mtu aliyeshika kamba, hii Malaba itajulikana ulimwenguni."

Callistus alimtazama Ekwaro. Ekwaro alimtazama Callistus. Sijui kama Callistus alikuwa amemtambua tangu mwanzo, lakini pale alimtambua. Mmoja alitoroka kazi, mwingine alipitisha ng'ombe, na kati yao alikuwa Mzungu anayewapenda wote wawili.

Mutwalibu aliinama kama anayemimina kahawa, akanong'ona sikioni mwa Ekwaro. "Fahali akiwa juu, hakuna fahali wa karantini. Sema ndiyo, mjinga wewe!"

Ekwaro akasimama.

"Ni mimi."

Nilifanya ishara ya msalaba kidogo, chini ya kofia.

Baada ya hapo Mzungu hakuwa na kazi ya kuuliza. Maneno yalimtoka Ekwaro kama maji ya bomba lililopasuka. Kamba ilimchoma viganja. Fahali alimtazama mara ya mwisho, akalia kwa sauti ya kuaga. Ndani ya sahani aliona watu wafupi, na mmoja alikuwa na fimbo ya kuchungia.

"Fimbo ya kuchungia!" Mzungu akarudia kwa unyenyekevu. "Na una hakika hakurudishwa?"

"Hakurudi. Amekwenda kabisa."

"Utaapa mbele ya hawa mabwana?"

"Naapa. Yule fahali mwekundu wa Tororo hayuko duniani."

Mzungu akampiga picha, kidole juu, kisha akampiga nyingine na Callistus wakiwa wameshikana mikono. Callistus akasema kwa sauti ya kiofisi, "Kwa upande wa serikali, shauri limekwisha. Fahali ameondoka nchini." Yeye na Mzungu wakapanda gari wakashuka kivukoni kupima mwamba.

Vumbi lilipotulia tulicheka mpaka Mutwalibu akamwaga kahawa. Mbarak alimbeba Ekwaro mgongoni akamzungusha.

Mzee Osukuku hakucheka. Alimaliza kahawa yake, akaweka kikombe chini.

"Padri," akaniambia, "wewe husemi uongo. Masikio yangu ni ya kizee. Huyu mkwe wangu amesema yule fahali mwekundu wa Tororo yuko wapi?"

Mbarak alimshusha Ekwaro taratibu.

"Amesema amepaa, mzee."

"Ameapa?"

"Ameapa."

"Mbele ya askari wa serikali?"

"Mbele yake."

Mzee akainuka, akakung'uta lami ya taruma kwenye suruali, akashika baiskeli yake.

"Basi yule mwekundu aliye zizini kwangu ni wangu mwenyewe, maana wa Ekwaro hayuko duniani. Mkwe, mahari bado imepungua fahali mmoja. Nitamngoja mpaka Jumamosi."

Akapanda baiskeli, sukari ya arusi ikitikisika nyuma yake mpaka akapotea kwenye kona ya Amagoro.

Mutwalibu akaanza kukusanya vikombe. Mbarak akakumbuka ghafla kwamba lori lake lina chumvi. Na kengele ya sala ya jioni ilikuwa karibu kulia.

"Padri," Ekwaro akaniita, amechutama tena, "niombee."

Nikamwombea palepale, Malaika wa Bwana nzima, nikiwa nimegeukia upande wa Tororo, ilikotokea sahani. Ila jioni ile sikufumba macho.