Malalamiko ya Kuulizwa Ninapendelea Nini

Malindi, Unguja
Machi 1971

Ndugu Mganga Mkuu,

Assalaam alaykum. Kwa heshima zote nakuletea mashtaka juu ya Daktari Tabia. Alinipima mlango wa kizazi, majibu yakaja kuwa chembe si za kawaida. Si saratani hasa, lakini si za kupuuzwa. Kwa hilo simlaumu. Kosa lake ni kuniambia kuwa njia ni mbili, kusubiri miezi sita nipimwe tena, au kuja sasa nikatwe kinyama kidogo kichunguzwe, kisha akaniuliza: "Bi Mwanakhamis, wewe unapendelea njia ipi?"

Mimi! Mwanamke mwenye wajukuu!

1. Sikuzoea. Mume alinichagulia baba. Majina ya wanangu alichagua mama mkwe, na moja silipendi hadi leo. Hata samaki huchagua mume wangu, Mzee Simai. Nikitamani nguru akaleta changu, nashukuru napika.

2. Swali halikukaa hospitali, limenifuata jikoni. Juzi nakoroga mchuzi wa papa nikajiuliza naupendelea? Kumbe siupendi! Na nimeupika tangu nilipoolewa.

3. Linaambukiza. Nilimsimulia jirani yangu Bi Shemsa, naye akaenda kumwuliza mumewe nani aliamua kitanda kikae dirishani. Wamekisukuma huku na huku hadi magharibi, mtaa mzima unasikia, na watu wamefikiri mengine.

4. Naogopa, Ndugu Mganga. Kusubiri naogopa, kukatwa naogopa. Nikichagua vibaya nitamlaumu nani? Baba keshakufa.

Kwa hiyo naomba itoke amri: mwanamke aliyepindukia hamsini asiulizwe kitu, aambiwe tu. Na Daktari Tabia apelekwe kutibu ng'ombe, ambao hawana la kupendelea.

Nisalimie wauguzi wote, na mpishi wa wodini, na Daktari Tabia mwenyewe, maana mkono wake ni mwepesi.

Ni mimi mlalamikaji wako mtiifu,
Mwanakhamis binti Makungu

Nyongeza: Bahasha sijaifunga bado. Mzee Simai kaisoma barua, kanionea huruma, akanichagulia: nisubiri. Hata hajamaliza kusema, nikajua ninalolitaka. Jumatatu asubuhi nakuja kukatwa. Na asinishike mtu ila Daktari Tabia. Huyo ndiye ninayempendelea.