Beji ya Msimamizi wa Afya

Jumatatu, 3 Mei

Ushindi! Bosi amenifanya msimamizi wa afya wa karakana nzima ya ushonaji. Sikati tena vitambaa. Nakaa mlangoni, kwenye kiti chenye mto, beji kifuani. Kazi yangu: kila anayeingia anawe kwa sabuni, avae barakoa, apimwe joto. Mwenye homa anarudi kwao. Nilimwambia bosi nimewahi kusomea huduma ya kwanza. Si uongo kamili. Niliwahi kukaa karibu na mlango wa darasa lao.

Sindano kanuna. Ndiye mshonaji wa cherehani ya dirishani: mwembamba, mjuaji, na kiti hiki alikitolea macho kabla yangu. Kapita, kanawa taratibu hadi viwiko, kisha kaniambia barakoa yangu iko chini ya pua. Nikamjibu kwamba msimamizi lazima apumue ili asimamie.

Nyumbani, mama mkwe aliisugua beji kwa upindo wa gauni lake mpaka ikang'aa. Ana pumu. Tangu korona iingie mtaani hajavuka geti. Lakini dirishani anawapigia majirani kelele kwamba mkwewe sasa ni mkubwa wa afya. Nikavimba kichwa. Nani asingevimba?

Jumanne, 4 Mei

Vita vya madirisha. Sindano anayafungua yote, ati hewa izunguke. Mimi niliye mlangoni napigwa na upepo mgongoni, na beji inageuka nyuma mbele. Mkubwa wa afya gani huyo asiye na maandishi? Nikayafunga. Akayafungua. Nikayafunga na kusimama mbele yake. Akaenda kunishtaki kwa bosi. Bosi alikuwa kwenye simu, akapunga mkono tu. Nikautafsiri mkono ule kwa faida yangu.

Jioni koo linawasha. Vumbi la vitambaa. Hakuna lingine.

Jumatano, 5 Mei

Si vumbi. Kikohozi kikavu, mwili kama nimepigwa marungu. Sheria niliyoibandika ukutani kwa mkono wangu mwenyewe inasema ukijisikia vibaya, baki nyumbani. Nikibaki, Sindano anakalia mto wangu. Haiwezekani!

Mbinu: barafu kwenye kitambaa, kitambaa kwenye paji la uso, njia nzima. Ikafanya kazi kupita kiasi. Sindano alinipima, akasoma namba kwa sauti, akashangaa mbele ya wote kwamba maiti anaweza kusimama. Nikasema kifaa ni kibovu. Bosi akaamini.

Kukohoa nilikwenda nyuma ya jenereta, maana likinguruma hausikiki. Nikavuta pumzi, nikaachia kwa nguvu zote, na papo hapo umeme ukarudi, jenereta likazimwa. Karakana nzima ilinisikia. Nikajifanya nacheka. Sindano akauliza kichekesho ni kipi na wao wacheke.

Usiku mke wangu aliyaona macho yangu. Akataka nilale stoo, na ndani nivae barakoa kwa ajili ya mama yake. Nikamwambia asinivunjie heshima, ni uchovu wa madaraka. Mama mkwe akanitetea: “Mwache mwanangu apumzike.” Akanimiminia chai kwa mkono wake. Tukakaa kochi moja kusikiliza redio, madirisha yamefungwa kuzuia mbu.

Jumatatu, 10 Mei

Maziwa yaliungua jikoni. Moshi umejaa, sufuria nyeusi tii, na mimi nimekaa pembeni ya jiko nasubiri yachemke. Sikunusa kitu! Mke wangu alinifunga macho kwa kitambaa, akaniletea kitu puani, akauliza ni nini. Nikabahatisha: limau. Kilikuwa kitunguu.

Hakugomba. Alifungua kila dirisha, akaburuta godoro langu hadi stoo, akafunga mlango. Heri angegomba.

Kisha, kutoka ng'ambo ya ua, nikamsikia mama mkwe. Kikohozi kikavu. Nakijua kikohozi kile. Ni changu.

Jumanne, 11 Mei

Asubuhi mama hakuweza kumaliza sentensi. Dawa yake ya kupuliza haikusaidia. Midomo imepauka, mabega yanapanda na kushuka. Aliponiona mlangoni alisema, “Mwanangu… ume…” Pumzi ikamkatikia. “…umekula?”

Jirani alileta gari. Nikakimbilia mlango na mfuko wa nguo zake. Mke wangu akaninyooshea mkono nisisogee.

“Hajatoka getini hata mara moja,” akasema. “Umemletea wewe.”

Nikauweka mfuko chini, nikarudi nyuma.

Nikawafuata kwa miguu, mbali nao, barakoa juu ya pua. Hospitali muuguzi alinichokonoa puani hadi machozi. Ninao ugonjwa. Mama anao. Amelazwa kwenye oksijeni. Muuguzi akauliza nimekaa karibu na nani. Nikataja karakana nzima. Hakuuliza nani alifunga madirisha. Nikashukuru. Kisha nikaona aibu ya kushukuru.

Jumatano, 12 Mei

Stoo. Simu hailii. Nikaitikisa, haikulia. Ilipolia nilikaribia kuiangusha: Sindano. Karakana imefungwa, wawili wana homa, yeye mzima. Akauliza hali ya mama. Akanipa pole, kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Nikamchukia zaidi.

Baadaye akapiga mke wangu. Mama bado kwenye oksijeni. Daktari anasema chanjo aliyochomwa hapa nyumbani imemsaidia, lakini pumu inaleta shida, tusubiri. Nikauliza kama amekasirika. Akasema hana nafasi ya kukasirika sasa hivi. Akakata.

Nimemwomba Mungu achukue mto, kiti, beji, vyote. Amwachie mama pumzi.

Jumatatu, 17 Mei

Mama karudi! Amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Bado anakaa chumbani peke yake. Alifungua dirisha lake, mimi nikafungua la stoo, tukatazamana ng'ambo ya ua.

“Mwanangu,” akasema, “ukiumwa, sema. Basi.”

Nililia mpaka barakoa ikalowa. Nikaapa mbele yake: sitaficha tena. Mke wangu alinipa chakula dirishani, na safari hii aliweka kijiko. Nimekuwa mtu mpya.

Alasiri ujumbe wa Sindano: kesho karakana inafunguliwa, bosi anachagua msimamizi mkuu. Kamwomba yeye ajiandae kusema machache.

Muuguzi kasema nisitoke mpaka aniruhusu mwenyewe. Hajaniruhusu. Lakini dirisha la stoo linatosha mabega yangu, nimelijaribu. Nitavaa barakoa mbili, zote juu ya pua, na miwani ya jua ya mke wangu. Nikifika tu, nitampa bosi hoja ambayo Sindano hawezi kuijibu: ni nani pale ndani anayeujua ugonjwa huu kwa undani kama mimi? Yeye hata kuumwa hajawahi!