Malalamiko Kuhusu Samaki Wangu Saba na Kombe la Baba

Hagthorpe,
Jumatatu asubuhi

Kwa Mheshimiwa Katibu,
Chama cha Wavuvi wa Ndoano wa Hagthorpe.

Mheshimiwa Katibu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mumeo, ingawa kuhusu mumeo natumaini kwa kiasi. Nakuandikia kama mwanachama hai, si kama kaka yako. Kwa hiyo naomba uisome ukiwa umekaa mezani na miwani usoni, si huku unakoroga mchuzi kama ulivyofanya na ile ya mwaka jana.

Jambo lenyewe unalijua. Jumamosi tulishindana kwenye bwawa la Bwana Tranter kugombea lile kombe ambalo marehemu baba yetu alilishinda mara nyingi hadi likapewa jina lake. Sasa kombe hilo limekaa juu ya meko ya Keith, mumeo, shemeji yangu, kwa muda mrefu kiasi kwamba ameanza kuwekea kalamu. Na kila Jumapili tukimaliza kula, Mama ananiuliza, "Malcolm, kombe la baba yako liko wapi?" Namjibu, "Kwa Keith, Mama." Anaitazama ile nafasi tupu kabatini. Yvonne, inaniuma. Mama amezeeka. Nilitaka jana nimjibu, "Hili hapa."

Badala yake nina malalamiko yafuatayo.

1. Kura. Tulipotia mikono kwenye ndoo kuokota namba za mahali pa kukaa, Keith alipata kona yenye matete, ambako samaki wa bwawa lile hupenda kupumzika. Mimi nikapata nafasi ya jirani yake, mbele ya mlango wa mgahawa, nikashinda kutwa nzima nikivuta harufu ya mikate ya nyama ya nguruwe ya watu wengine. Sisemi ndoo ilichezewa. Nasema tu kwamba mkono wa Keith ulikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

2. Samaki kufanana. Hata hivyo nilivua. Nilivua samaki saba aina ya carp, kila mmoja wa kubebwa kwa mikono miwili, na kila mmoja nilimtia mwenyewe kwenye wavu wangu uliozama majini kando ya miguu yangu, wakae humo hai mpaka saa ya kupimwa, kisha warudishwe bwawani kama desturi yetu. Nilipowatazama vizuri nikagundua kashfa. Wote walikuwa wamechanika mdomo upande wa kushoto. Wote walikosa gamba moja nyuma ya kichwa. Wote walinitazama kwa dharau ileile. Maana yake ni moja tu: Bwana Tranter ametujazia bwawa zima ukoo mmoja! Mvuvi aliyeamka alfajiri na kubeba sanduku, fito na funza wa chambo hadi kule anastahili kuona sura mbalimbali. Yule wa tano nilimwambia, "Wewe nimeshawavua ndugu zako wote," wala hakushtuka.

3. Keith mwenyewe. Muda mfupi kabla ya kipenga cha mwisho, mumeo naye alinasa samaki, na ndiye aliyempa ushindi. Nilimwona alipomwinua. Mdomo umechanika kushoto. Gamba hakuna. Nikasimama nikapiga kelele, "Huyo ni wa ukoo wangu!" Keith, bila hata kugeuka, akajibu, "Ana jina lako kisogoni, shemeji? Kaa chini, unamwagia wenzako chai."

4. Mizani. Kipenga kilipolia nilikuwa na amani moyoni, maana kwa uzito niliokuwa nao Keith hanifikii hata akijipima yeye na buti zake. Bwana Tranter akaja na mizani. Nikashika wavu wangu, nikapanua miguu, nikavuta kwa nguvu zote za mgongo wangu mbovu. Wavu ukaja mwepesi, nami nikaenda chali juu ya sanduku la funza. Ndani ya wavu kulikuwa na kisamaki kimoja cha ukubwa wa kidole.

Bwana Tranter akakitazama, akanitazama. "Malcolm, nikipime au nikipe pole?" Na mumeo, mbele ya chama kizima: "Mpelekee mama mkwe, shemeji, amtie kwenye chai!" Watu wazima wakaegemeana kwa kicheko. Mimi nauliza kwa akili timamu. Saba waliingia. Mizani inasema mmoja. Mizani inayoweza kupoteza samaki sita na kumkondesha wa saba haifai hata kupimia vitunguu.

5. Njama. Usiku sikulala, nikayaunganisha. Samaki wa sura moja wanaingia kwenye wavu wangu, hawaonekani tena, kisha mwenye sura ileile anatokea kwa Keith. Mheshimiwa Katibu, nyuma ya nyumba yenu kuna kidimbwi. Ulidhani ni cha vyura. Mimi sasa nasadiki kwamba mumeo amewalea humo samaki hao tangu wadogo, akawafundisha kuja kwangu, kula chambo changu, na kuondoka wakiitwa. Na ule mluzi anaoupiga kila akifungua chupa ya chai, ambao sote tuliuchukulia kuwa ukosefu wa adabu, ni amri.

Kwa hiyo naomba kwa heshima: kidimbwi kikaushwe mbele ya mashahidi, kalamu zitolewe na kombe lirudi kabatini kwa Mama, ili macho yake yalione pale lilipokuwa enzi za Baba, na kwa kuwa wewe ni katibu na mtuhumiwa mnalala kitanda kimoja, Keith ahamie chumba cha wageni mpaka kamati itoe uamuzi, haki ionekane ikitendeka.

Wasalimie watoto, paka, na majirani wa upande wa kulia. Wa upande wa kushoto wasubiri kwanza warudishe ngazi yangu.

Ndimi wako mnyenyekevu katika uvuvi,
Malcolm Ollerenshaw

Nyongeza (nyuma ya bahasha, kwa kuwa nimeshaifunga; samahani kwa mwandiko mdogo): Mama ameingia sasa hivi kuniuliza kama nimemaliza kazi na wavu wake. Wavu wake! Kumbe aliuchukua bandani kufunikia stroberi zisiliwe na njiwa, akaukata kwa mkasi karibu na kitako, "kidogo tu, mkono na bakuli vipite." Nimepitisha hapo kichwa changu na kofia yake. Kwa hiyo sikuvua samaki saba. Nilivua samaki mmoja mara saba, na Keith akamvua mara ya nane, kihalali, akiwa ameshiba chambo changu. Nilipomweleza Mama alicheka hadi akakalia ndoo ya makaa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike Baba, na mimi nikacheka naye mpaka machozi. Kisha nikamwomba radhi kwa kushindwa kumletea kombe. Akaniambia, "Wewe mtoto! Mimi nauliza liko wapi nipate uhakika kwamba halirudi. Nimelisugua dude lile maisha yangu yote ya ndoa. Mwache Keith alisugue." Basi malalamiko yote nayafuta. Barua naituma tu kwa sababu stempu nimeshaibandika. Ila lile ombi la chumba cha wageni, kwa ajili ya maneno ya Keith kuhusu chai ya Mama, naomba libaki.