Mnyonya-Mwangaza wa Majengo

Ilitangazwa rasmi redioni, kisha ikarudiwa kwa kipaza sauti juu ya gari, ili hata viziwi wa mtaa wa Majengo wasije wakajitetea: kampuni ya umeme ina heshima ya kuwajulisha wateja wake wapendwa kwamba siku ya Jumapili, kuanzia adhuhuri, courant, yaani umeme, haitakatika hata dakika moja, na zaidi ya hayo, kwamba kila nyumba ya avenue yao, bila kubakiza hata moja, sasa imeunganishwa.

Hata nyumba ya Florent ilikuwa imeunganishwa. Kampuni ndiyo haikuwa na habari.

Florent mwenyewe hakuwahi kusema kwamba anaiba umeme. Kuiba ni neno la watu wasiosoma. Yeye aliuazima kwa jirani yake Mama Léoncie, mjane mpole, kwa waya mwembamba mwekundu uliopita chini ya bati, ukashuka nyuma ya mbao za ukuta na kuingia kwake bila kupiga hodi. Mama Léoncie hakuambiwa. Kuna ukarimu ambao ni vizuri usimsumbue mwenye kuutoa.

Mchana Florent alifanya kazi katika kibanda cha photocopie, jambo aliloliita "kuwa katika uchapishaji". Lakini hiyo ilikuwa riziki tu. Wito wake ulikuwa mwingine: Florent alikuwa Mchambuzi wa "Malkia wa Moshi".

"Malkia wa Moshi" ni mchezo wa televisheni wenye majoka, mapanga na wafalme wasiofua nguo. Huonyeshwa kila Jumapili alasiri na kituo kimoja kidogo ambako mtu mmoja tu hutafsiri sauti zote kwa Kiswahili: mfalme ni yeye, malkia ni yeye, joka ni yeye, na farasi akikohoa, ni yeye tena. Majengo nzima hutazama. Kisha Jumatatu jioni Majengo nzima hufika kwenye terasse ya Mama Nabintu, mahali pa vinywaji na samaki wa kukaanga, kuelezwa na Florent kile ilichokwisha kukiona.

Pale terasse palikuwa na mabenchi, na kiti kimoja tu chenye mahali pa kuegemeza mikono. Hicho ndicho kiti cha Mchambuzi. Aliyekikalia aliletewa sahani ya sambaza, zile dagaa za ziwani kutoka Kituku, zimekaangwa mpaka zinalia mdomoni, na halipi kitu! Florent alikitwaa tangu sehemu ya kwanza, siku aliposimama na kutangaza kwamba joka lile limetengenezwa na watu ambao hawajaona mlima ukitema moto.

"Siye tunajenga nyumba juu ya mate ya joka!" alisema, akigonga kisigino kwenye jiwe jeusi la volkano. "Nani atatufundisha joka?"

Makofi! Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumshusha.

Mpaka sehemu ya nne. Sehemu ya nne ilimalizika mfalme mzee akiwa chali, kinywa wazi. Florent alimzika palepale, akamtolea na hotuba. Ndipo Samy, kinyozi wa pembeni, akainua kidole.

"Ule muzee hakufa, grand. Eko nalala. Nilisikia anakoroma."

"Petit," Florent akajibu, kama kaka mkubwa kwa mdogo, macho nusu wazi, "kule kukoroma ni kwa kifalsafa."

"Bon!" Samy akasema. "Sehemu ya tano itaamua: mwenye atakosea atoke mu kiti."

Mama Nabintu, aliyekuwa akigeuza sambaza kwenye mafuta, akapitisha sheria bila hata kugeuka. "Ni vile. Atakosea, ataenda ku benchi sawa batu bote. Na sambaza atauziwa."

Florent alicheka kwa dharau. Lakini akaivuta sahani karibu zaidi.

Jumapili saa tisa alikaa mbele ya télé yake na shati la mikono mirefu, kwa heshima ya malkia. Muziki ukaanza. Moshi ukapanda. Jina la mchezo likajitokeza kwa herufi za moto, na pya! Kioo kikafa.

Florent akangoja. Akaipiga télé kofi. Akaipiga la upande wa pili, isije ikasemwa ana upendeleo.

"Communiqué ya kampuni!" akaiambia dari. "Ati hata dakika moja! Bawongo hawa!"

Jua lilikuwa linawaka nje, hakuna taa ya jirani ya kuchungulia. Basi giza la kioo chake akalihesabu kuwa giza la mji wote. Na kiti? Angechambua nini kesho? Alikwisha kuanza kutunga ugonjwa wa kumlaza kitandani Jumatatu, ndipo upande wa pili wa mbao za ukuta, kwa Mama Léoncie, sauti ikapasuka.

"Joka! Joka la kale! Shuka!"

Florent aliurukia ukuta kama mtu anayemkumbatia mjomba aliyepotea. Kumbe Mama Léoncie ana batterie ya kuendeshea télé! Kimya kimya hivyo! Akabandika sikio.

"Malkia wa vilindi, achilia nyumba hii! Moto! Moto! Moto!"

Ilikuwa sauti ya mwanaume mmoja, sawa na siku zote. Ilikwaruza kidogo, lakini mtafsiri naye ni binadamu, hupata mafua. Nyuma yake ngoma zilidunda: jeshi. Kisha umati ukaitika "Amina!" Florent akakunja uso. Amina? Akafikiri. Halafu akatabasamu: mwandishi anaandaa mapinduzi ya kidini. Ni ujasiri!

"Na yule anayejificha nyuma ya ukuta, anayenyonya mwangaza wa mjane, atoke! Afichuke mbele ya watu wote! Kwa kinywa chake mwenyewe aseme!"

"Amina!"

Florent alitetemeka kwa raha. Mhusika mpya! Na katika Majengo yote iliyokosa courant, yeye peke yake ndiye aliyemsikia.

Jumatatu jioni terasse ilijaa mpaka barabarani. Mama Léoncie alikuwa kwenye benchi la mbele na Fanta yake. Samy alikaa karibu na kiti, karibu mno, kama mpangaji mpya aliyekuja kupima pazia. Florent akaketi, akavuta sahani, akainua mkono mmoja.

"Kwanza, ndugu zangu, poleni. Jana courant iliwakatalia bote. Hamukuona kitu."

Watu walitazamana. Samy akafungua kinywa. Mama Nabintu akamkanyaga mguu.

"Wacha aseme," akanong'ona.

Na Florent akasema! Akalishusha joka la kale kutoka mbinguni. Akawasha moto mara tatu. Akamtoa malkia ndani ya maji, nywele zikitiririka, akamfungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Akapiga ngoma za jeshi kwenye sahani, sambaza zikaruka. Watu walisikiliza kwa nyuso za mazishi. Wengine walikuwa wameuma leso. Florent aliona machozi yao, naye yakamgusa.

"Na mfalme?" Samy akauliza kwa unyenyekevu mwingi.

"Hakutajwa. Maiti haitajwi. Lakini muache mambo ya mfalme!" Florent akashusha sauti. "Sasa nitawaambia juu ya mutu mupya. Minamuita Mnyonya-Mwangaza."

Mama Léoncie aliacha kunywa.

"Huyu mutu ni mubaya kupita joka. Joka ni munyama, tutalilaumu nini? Lakini huyu anajificha nyuma ya ukuta ya mujane, ananyonya mwangaza yake! Mujane! Na sikia pale mwandishi alinishangaza: huyu mutu hana akili! Ata kidogo! Bote banamutafuta, banapiga kelele, na yeye eko palepale ku ukuta, anasikia kila neno, na hajui kama ni yeye banatafuta! Minauliza: mutu wa gisi hii eko mu dunia?"

 Mtu mmoja alitoka nje mbio, akasikika akicheka kwa ukelele kule barabarani.

Mama Léoncie aliweka chupa chini taratibu.

"Papa Florent. Jana courant ilikatika kwako saa ngapi?"

"Saa tisa juste, Mama. Sawa kwa bote."

"Kwa bote apana. Batu bote balionaka télé. Baliniambia ilikuwa ndoa, sehemu muzima. Ule muzee aliamuka, akala nyama, akacheza. Joka haikufika."

"Ata mukia," Samy akathibitisha.

"Ilikatika kwangu tu," Mama Léoncie akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nilizima mimi mwenyewe. Kila mara nanunua unités za umeme, kesho yake zimeisha. Nikasema ni shetani. Nikaita groupe ya sala. Papa Habumugisha mwenye kutuongoza akasema: tuzime compteur ya umeme kwanza, shetani ikose chakula, kisha tuombe." Akamtazama Florent toka viatu mpaka kola. "Tuliomba aseme kwa kinywa yake mwenyewe."

"Amina!" Samy akasema.

Florent alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu sehemu ya kwanza, hakikuwa na uchambuzi. Kilikuwa na sambaza.

"Mama, ile ni... ile ni sadfa ya kifasihi."

"Tuende tuione," akasema Mama Nabintu, na akafunika mafuta yake.

Terasse nzima ikaandamana. Mbele ya nyumba ya Florent redio ilikuwa inaimba yenyewe ndani, kwa furaha. Mama Léoncie akaingia kwake, akazima compteur. Redio ikanyamaza katikati ya neno. Akawasha. Redio ikamalizia neno. Watu wakaomba arudie, akarudia, mara nyingi kuliko ilivyohitajika kisheria.

Baadaye akazima tena na kutoka nje. Waya mwekundu ulikuwa juu, chini ya bati, na Mama Léoncie ni mfupi. Ikabidi kutafuta kitu cha kupandia. Samy akarudi mbio terasse, akaleta kiti cha Mchambuzi, pamoja na mkasi wake wa kunyolea. Mawe ya Majengo hayako sawasawa, kiti kikayumba. Florent, kwa kuwa ndiye aliyekizoea, aliombwa akishike.

Akakishika.

Kuhusu tangazo la kampuni, haki itendeke: Jumapili ile courant haikukatika hata dakika moja. Na nyumba zote za avenue ile zimeunganishwa, isipokuwa moja.